Kabla ya kununua skana, tuangalie ndoo ya fomalini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme neno kuhusu jambo linalozungumzwa sana sasa katika vyuo vya afya: kufundisha patholojia, yaani uchunguzi wa magonjwa kwenye tishu, kwa slaidi za kidijitali. Slaidi ya kioo yenye kipande chembamba cha tishu inapitishwa kwenye skana, picha yake inahifadhiwa kwenye kompyuta, na mwanafunzi anaisogeza na kuikuza kwenye skrini kama anavyokuza ramani kwenye simu. Sisi tunaofundisha patholojia na ukunga tunaliunga mkono jambo hili kwa moyo mmoja. Wasiwasi wetu ni kwamba mazungumzo yote yanahusu bei ya skana, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza kile kitakachoskaniwa kimetoka wapi, kimekatwaje na kimelowekwa kwenye nini. Kwa ini au figo mtu anaweza kuponea hapo. Kwa kondo la nyuma haponei.

Kondo huonwa na wakunga kila siku na kusomwa kwa hadubini na watu wachache mno. Likishatoka, mkunga hulikagua kuona kama limetoka zima, kisha linapelekwa kwenye shimo la kondo au familia inalichukua kwenda kulizika. Kwa uzazi uliokwenda salama hakuna ubaya. Lakini kila mwaka watoto karibu milioni 2 duniani huzaliwa wafu mimba ikiwa imefika wiki 28 au zaidi, na kondo linaweza kueleza mengi ambayo kadi ya kliniki haiyaonyeshi: maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni, damu ya mama kushindwa kufika vizuri, bonge lililoziba mshipa wa mtoto, malaria, kaswende. Kamati ya kupitia vifo vya uzazi inapokaa, kondo liko shimoni siku nyingi. Hata linapohifadhiwa, wa kulisoma ni adimu, kwa sababu mtu anaweza kumaliza mafunzo ya patholojia akiwa amesoma makondo ya kuhesabu kwa vidole. Hapo ndipo maktaba ya kidijitali inaweza kuleta nafuu ya kweli.

Slaidi za bure mtandaoni zipo. Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani na kile cha Leeds nchini Uingereza vimeweka wazi mikusanyo mikubwa, na programu ya bure ya QuPath inafungua aina nyingi za mafaili ya slaidi kwenye kompyuta ya kawaida. Tunashukuru kwa yote hayo. Ila mikusanyo ya huko imetokana na hospitali za huko, na mwanafunzi wa Muheza, Ifakara au Siaya akiitegemea peke yake atajua vizuri kondo la mama mwenye shinikizo la damu la ujauzito na asijue la mama mwenye malaria. Ni jambo la kusikitisha, maana sehemu kubwa ya elimu ambayo dunia inayo kuhusu malaria ya kondo imetokana na makondo ya akina mama wa Ifakara na Muheza. Maarifa yalikwenda kwenye majarida. Slaidi za kumfundishia mtoto wa hapa hazimfikii kwa urahisi.

Tuchukue mfano mmoja tuuangalie kwa karibu, kwa sababu ndio unaoonyesha kwa nini skana pekee haitoshi. Mwanafunzi anafungua slaidi ya kondo, anakuza, anaona chembechembe za kahawia. Ni nini? Majibu yanayowezekana ni manne, na kila moja lina maana yake kwa mama.

Inaweza kuwa hemozoini, yaani taka ambayo kimelea cha malaria huiacha baada ya kula himoglobini. Rangi yake ni kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi. Hukaa upande wa mama: ndani ya seli walaji zilizomo katika nafasi inamopita damu ya mama kati ya vili, vile vidole vidogo vya kondo, na ndani ya fibrini, ule utando wa waridi unaoganda juu ya vili. Mahali inapokaa hueleza historia. Vimelea bila chembe ndani ya fibrini ni ugonjwa mpya. Vimelea pamoja na chembe ndani ya fibrini ni ugonjwa uliokaa muda. Chembe ndani ya fibrini peke yake ni malaria iliyopita, labda miezi kadhaa nyuma, ambayo kipimo cha damu siku ya kujifungua hakitaiona kabisa.

Inaweza kuwa hemosiderini, chuma kinachobaki baada ya damu kuvuja zamani. Hii ina rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kahawia, na rangi ya maabara iitwayo Perls huigeuza bluu. Hemozoini haigeuki. Inaweza kuwa mekonio, choo cha kwanza cha mtoto, ambacho hukutwa ndani ya seli walaji za chupa, yaani utando unaomzunguka mtoto tumboni, na si katikati ya kondo. Nacho hakigeuki bluu, na hufifia slaidi ikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo slaidi hizo ziskaniwe mapema na zitunzwe gizani.

La nne ndilo linalotuumiza: chembe zilizoletwa na fomalini yenyewe, ile dawa ya kulowekea tishu isioze. Fomalini isiyo na bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi, huchachuka kadiri inavyokaa, na asidi hiyo ikikutana na damu hutengeneza chembe za kahawia-nyeusi. Kondo limejaa damu kuliko karibu kiungo kingine chochote tunachopokea maabara, kwa hiyo hupata chembe hizi kwa wingi. Wanafunzi hufundishwa kwamba hemozoini hung'aa kwenye hadubini ya polaraizi. Ni kweli. Lakini chembe za fomalini nazo hung'aa! Asidi ya pikriki ndani ya alkoholi huziondoa chembe za fomalini, ila ikiachiwa muda mrefu huondoa na hemozoini, kwa hiyo hiyo nayo si hakimu wa kuaminika. Dalili inayosaidia zaidi ni mahali. Chembe za fomalini hazichagui upande. Ziko popote penye damu, mara nyingi zimelala juu ya seli badala ya kuwa ndani yake, na utazikuta hata ndani ya mishipa ya kitovu ambamo kuna damu ya mtoto. Ukiona chembe kwenye mishipa ya kitovu, simama, usiandike malaria.

Sasa fikiria chuo kimenunua skana, kikaskani slaidi mia mbili zilizotokana na fomalini iliyochachuka, kikazisambaza nchi nzima zikiwa na maelezo ya "malaria ya kondo". Kosa la ndoo moja limekuwa somo la kizazi kizima, na kwa kuwa picha ni kali na nzuri, hakuna atakayelishuku.

Tiba yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Kwa lita moja: mililita 100 za fomalini kali ya dukani (asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti monohidrati na gramu 6.5 za disodiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji. Yeyusha chumvi kwenye maji kwanza, ndipo utie fomalini, na changanya penye hewa inayopita. Pima kwa karatasi ya pH. Inatakiwa izunguke 7. Andika tarehe kwenye dumu. Fomalini ya kwenye dumu lisilo na tarehe isitumike kwa kesi yoyote itakayoingia kwenye maktaba ya kufundishia.

Kiasi nacho kina hesabu yake. Tishu inahitaji fomalini angalau mara kumi ya ujazo wake. Kondo la mimba iliyokomaa lina uzito wa gramu 500 hivi, kwa hiyo kulitumbukiza zima kunataka lita 5, na ni zahanati gani ina lita 5 za kutoa kwa mama mmoja? Kinachotokea ni kondo kusokomezwa kwenye kopo la lita moja. Linakunjika na kugandamana kwa umbo la kopo, na kwa kuwa fomalini hupenya polepole, milimita moja kwa saa ukibahatika, na polepole zaidi kadiri inavyoingia ndani, nje linakuwa gumu kama soli na katikati linabaki jekundu na kuoza. Slaidi ya katikati hiyo hata skana bora duniani haiiokoi. Ni heri kondo likatwe likiwa bichi, zichukuliwe sehemu zinazohitajika tu, kila moja ikiwa na unene wa milimita 3, na kopo la mililita 250 litatosha. Ziloweke saa 24 angalau. Kama hakuna wa kukata siku hiyo, kondo likae kwenye jokofu la kawaida, nyuzi 4, ndani ya ndoo yenye mfuniko na namba. Lisiwekwe kamwe kwenye friza. Barafu hupasua seli na kuharibu kila kitu.

Kukata likiwa bichi kuna faida nyingine ambayo watunga sera huisahau. Familia nyingi hutaka kondo lao, na wana haki ya kuulizwa. Kondo lililolowekwa kwenye fomalini halifai kurudishwa nyumbani, ni sumu. Lililokatwa likiwa bichi, vikachukuliwa vipande vichache kwa ridhaa ya mama, linaweza kurudi likazikwe kama desturi inavyotaka. Mama akielezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, mazungumzo huwa mepesi zaidi.

Kuhusu mahali pa kukata, dunia ina makubaliano. Wataalamu walikutana Amsterdam mwaka 2014, na maafikiano yao yakachapishwa mwaka 2016. Kwa kiwango cha chini, bloku nne, yaani tishu iliyogandishwa ndani ya nta ili ikatwe slaidi. Ya kwanza ina mkunjo wa chupa na vipande viwili vya kitovu, kimoja kutoka upande wa mtoto na kingine sentimita 5 hivi kutoka pale kitovu kinapoingia kwenye kondo. Tatu zinazobaki ni za kondo lenyewe lililo na sura ya kawaida, kutoka juu hadi chini unene wote, ndani ya theluthi mbili za katikati na si pembeni, na moja wapo iwe jirani na kitovu kinapoingia. Sehemu yenye kasoro inaongezwa juu ya hizo.

Sentimita 5 za kitovu si mapambo. Karibu kabisa na kondo mishipa miwili ya ateri huungana, na wakati mwingine huonekana mmoja. Anayekata hapo ataandika "ateri moja" kwa mtoto ambaye anazo mbili, na mtoto ataanza kutafutiwa kasoro za moyo na figo bure. Pembeni mwa kondo nako damu hupita kidogo hata kwa mama mzima, na vili vyake hufanana na vya mama mwenye presha. Kuhusu chupa, kata ukanda wa upana wa sentimita 2 au 3 kutoka mahali ilipopasukia hadi ukingo wa kondo, uukunje kama mkeka, mahali ilipopasukia pawe katikati na utando wa upande wa mtoto uwe ndani, uchome pini, uloweke, kisha ukate kipande cha milimita 3. Mwanafunzi akitazama slaidi yake anajua kwamba kadiri anavyotoka katikati ndivyo anavyosogelea kondo. Maambukizi yanayopanda kutoka chini huanzia karibu na tundu hilo, kwa hiyo mkunjo huo mmoja unamwonyesha safari yote.

Bila habari hizi, slaidi ya kidijitali ni picha ya mtaa usio na jina. Tunapendekeza kila slaidi kwenye maktaba iambatane na picha ya kondo zima lililowekewa alama mahali kila bloku ilipotoka. Ni kazi ya dakika tano kwa simu, ila ina mitego. Uso wa kondo wa upande wa mtoto unang'aa kama sahani iliyolowa. Ukitumia flashi ya simu unapata doa jeupe palepale palipo na mishipa unayotaka kuionyesha. Zima flashi, weka taa mbili pembeni kwa mwinamo wa nyuzi 45, kausha kwa shashi, tandika kitambaa cha bluu au kijani, simu iwe juu kabisa, usawa na meza, na rula ionekane kwenye picha. Piga upande wa kondo uliomwelekea mtoto, upande uliomwelekea mama, kisha vipande vya sentimita moja moja vikiwa vimepangwa kwa mfuatano wake.

Na hapa tunawaomba wakunga jambo moja kwa unyenyekevu: bonge la damu lililoshika nyuma ya kondo msilioshe kabla ya picha. Bonge la kondo lililobanduka mapema huacha shimo lililobonyea upande wa mama, na bonge la kawaida la baada ya kujifungua haliachi. Likishaoshwa na kutupwa, ushahidi uliobaki ni shimo peke yake, nalo kwa tukio la dakika chache huenda lisiwepo. Lipigeni picha likiwa mahali pake, litoeni taratibu, mlipime kando.

Uzito upimwe baada ya kuondoa kitovu na chupa, kondo likiwa bichi, na ndoo iwe imetolewa kwenye hesabu ya mizani. Iandikwe hivyo. Gramu 480 zilizopimwa pamoja na kitovu na gramu 480 zilizopimwa bila kitovu ni makondo mawili tofauti.

Kuna takwimu tatu ambazo kesi yoyote isiyo nazo isiingizwe: umri wa mimba kwa wiki, uzito wa mtoto, na kama mtoto alifia tumboni, ni lini mama aliacha kusikia akicheza. Vili vya wiki 28 ni vikubwa na vina mafundo machache ya viini. Vya wiki 40 ni vidogo na mafundo yamejaa. Mafundo yaleyale ni afya kwa wiki 40 na ni ugonjwa kwa wiki 30. Kuhusu mtoto aliyefia tumboni, kondo huendelea kubadilika baada ya kifo kwa sababu damu ya mtoto imesimama. Viini vya seli ndani ya mishipa ya vili huanza kusagika baada ya saa 6 hivi, mishipa mikubwa huanza kuziba baada ya saa 48, na vili kwa wingi huwa kovu baada ya siku 14. Asiyejua hilo ataona mishipa iliyoziba na kusema ndiyo iliyoua, kumbe imeziba kwa sababu mtoto alikwisha kufa. Hili ndilo kosa tunalolisahihisha mara nyingi zaidi kwa wanafunzi wazuri, wale wenye macho makali.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana huko nako fedha hupotea. Kipande cha tishu cha milimita 15 kwa 15 kikiskaniwa kwa ukuzaji wa 20, ambapo pikseli moja ni nusu maikromita, kinatoa picha ya pikseli 30,000 kwa 30,000, yaani milioni 900. Kwa ukuzaji wa 40 idadi inakuwa mara nne. Picha ya kwanza ikibanwa kwa JPEG inafika megabaiti 250 hivi. Ya pili inaweza kufika gigabaiti nzima. Hakuna mwanafunzi atakayenunua bando la kushusha hayo. Dawa ilishapatikana zamani: picha hukatwa vigae vidogo kwa tabaka, na skrini huomba vigae inavyovihitaji tu. Kigae cha pikseli 256 kina kilobaiti 15 hivi. Skrini ya kompyuta ndogo hujaa kwa vigae 24, sawa na kilobaiti 360 kwa kila unapohamia. Programu ya bure ya OpenSeadragon hufanya hivyo kwenye kivinjari cha simu bila kusakinisha kitu.

Hata hivyo, megabaiti hujumlishana, na mwanafunzi mwadilifu husogeza mara mia kwa slaidi moja. Kwa hiyo tunataka maktaba ifanye kazi bila intaneti. Kesi 60, kila moja ikiwa na slaidi 4, ni slaidi 240, gigabaiti 60. Zinaenea kwenye flashi ya gigabaiti 128. Flashi ichomekwe kwenye kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi inayorusha Wi-Fi yake yenyewe ndani ya darasa, na simu za wanafunzi zitafungua bila senti moja ya bando.

Tahadhari kwa mafundi: slaidi moja kwa mpango huo ni vigae zaidi ya 18,000. Ukivinakili kama mafaili mbalimbali kwenye flashi ya muundo wa exFAT, ambao kwa ukubwa huo kwa kawaida hutenga kilobaiti 128 kwa kila faili hata likiwa la kilobaiti 15, slaidi ya megabaiti 250 inakula zaidi ya gigabaiti 2, flashi inajaa kabla ya kesi ya ishirini, na kunakili kunachukua siku. Mtu ataambiwa flashi ni mbovu. Si mbovu. Ama vigae viwe vya pikseli 1,024, ambavyo ni 1,200 tu kwa slaidi, ama kila slaidi ibaki faili moja la TIFF lenye tabaka, na programu ndogo kama OpenSlide ikate vigae pale vinapoombwa.

Ukuzaji wa 20 unatosha kwa karibu kila kitu cha kondo. Malaria ndiyo isiyoridhika. Kimelea ndani ya chembe nyekundu ya damu hutafutwa kwa kupandisha na kushusha fokasi, na skana nyingi hupiga kina kimoja tu. Kupiga kina tano kunazidisha faili mara tano. Ushauri wetu ni kuskani slaidi nzima kwa 20, kisha kuchagua maeneo matatu madogo ya kila kesi ya malaria na kuyapiga kwa 40 katika kina tano, pamoja na picha ya polaraizi iliyopigwa kwa simu kwenye jicho la hadubini: karatasi moja ya polaraizi chini ya slaidi, nyingine juu, izungushwe mpaka uwanja uwe giza na chembe zing'ae. Skana za kawaida za slaidi hazina picha hiyo.

Katika kesi hizo 60, ishirini ziwe makondo mazima yasiyo na ugonjwa, ya wiki mbalimbali za mimba. Tunajua hili litapingwa na wanaotaka maajabu. Lakini asiyezoea kuona kondo lisilo na ugonjwa huita kila tone la chokaa na kila fibrini ugonjwa. Kumi na tano ziwe za malaria kwa hatua zote tatu, na katikati yake wachanganye tatu za chembe za fomalini bila kutangaza. Kaswende isikosekane: kondo kubwa, zito na lililopauka, pamoja na kitovu chake. Alama na majibu yafichwe hadi mwanafunzi aandike lake.

Majina ya akina mama yalindwe, na si kwa kufuta kwenye orodha pekee. Skana nyingi hupiga pia picha ya lebo ya slaidi na kuificha ndani ya faili. Slaidi inaonekana haina jina, ila anayejua kufungua atalikuta. Lebo hiyo iondolewe kwa programu kabla faili halijatoka maabara, na picha za simu zifutwe taarifa za mahali na saa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haibagui kati ya faili la benki na faili la kondo.

Mwisho, lugha. Anayelipokea kondo, anayelipiga picha na kulikata ni mkunga, na maelezo ya hatua hizo yawe kwa Kiswahili anachokitumia wodini: kondo, kitovu, chupa, bonge. Kwa tabaka mbili za chupa sisi huandika utando wa ndani na utando wa nje, tukiacha amnioni na korioni kwa slaidi za daktari. Kama Baraza la Kiswahili lina maneno bora tutayapokea.

Tunaiomba wizara na wakuu wa vyuo kwamba katika zabuni yoyote ya skana, kabla ya ukurasa wa bei, kuwe na mistari ya vitu hivi: mizani ya gramu, jokofu, chumvi za bafa, karatasi za pH, kaseti, taa mbili za picha, na mshahara wa mteknolojia mmoja wa histolojia wa kukata na kukagua slaidi kabla hazijaskaniwa. Slaidi yenye mkunjo, povu la hewa chini ya kioo au mikwaruzo ya kisu irudi kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia tishu, siku hiyohiyo, bloku ikiwa bado iko mezani.

Wakufunzi wa patholojia na ukunga,
Mwanza